Kikombe cha Jemadari

Sindano alipokufa, aliyelia kuliko wote hakuwa mama yake wala dada yake. Alikuwa msimamizi wake wa kazi. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia, lakini siku ile wa mbali alitangulia. Alifika makaburini na fulana ya kazini, unga ungali mabegani, akang'ang'ania kubeba jeneza upande wa kichwa, akalia mpaka kamasi zikamtoka bila aibu. Watu wakanong'onezana kwamba mabosi wa namna hii wameadimika. Mama wa marehemu akamshika mkono, akamwita mwanangu. Dada wa marehemu alisimama nyuma ya mama yake, macho makavu, akimtazama yule mwanamume kama unavyomtazama mbwa aliyekula kuku wako kisha akaja kulala mlangoni pako.

Dada huyu hakuwa na roho mbaya, msimdhanie hivyo. Ila alikuwa amezungumza na daktari, na wengine hawakuwa wamezungumza naye.

Turudi nyuma kidogo, kwa Sindano mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba hata suruali za dukani zilimkataa, na alifanya kazi katika bekari moja, upande wa tanuri. Kazi yake ilikuwa kuingiza mikate mibichi kwa beleshi la mbao lenye mpini mrefu na kuitoa ikiwa imeiva. Mbele ya tanuri lile jasho halikuwa jambo la kufuta kwa kitambaa, ulikamua fulana. Basi wenyewe walikuwa na dawa yao. Asubuhi, mikate ya kwanza ikishatoka, kazi ilisimama kidogo, jagi la maji ya chumvi likazunguka, na kila mtu akanywa kikombe chake akiwa wima. Mtu wa tanuri asiyelamba chumvi huanguka: hivyo ndivyo walivyoamini, na aliyewaaminisha ni msimamizi wao, mwanamume wa miaka thelathini na mitano waliyemwita Jemadari, kwa sababu alipanga watu na trei kama yuko kwenye gwaride.

Kichwa kinauma? Chumvi haijatosha. Kizunguzungu? Ongeza. Na kama shingo imekaza na macho yanaona nyota mchana, basi Jemadari alichukua kikombe chake mwenyewe, cha bati, kikubwa kuliko vya wote, akaonja kidogo, kisha akampa mgonjwa mbele ya watu. Wenzake walipiga makofi akikimaliza. Kupewa kikombe cha Jemadari ilikuwa heshima, na hakuna aliyewahi kukirudisha kikiwa na kitu ndani.

Sindano alikuwa akiumwa kichwa karibu mwaka mzima. Mwishowe dada yake alimburuta mpaka zahanati. Muuguzi akamfunga mkanda mkononi, akapima, akahamia mkono wa pili, akapima tena, akakunja uso. Kijana huyu ana presha, akasema, tena si ya mchezo.

"Presha?" dada mtu aliuliza. "Muuguzi, hebu mtazame. Huyu hata kivuli hana. Presha si ya wazee na wenye vitambi?"

"Ingekuwa inauliza umri ningekosa kazi," muuguzi akajibu. "Inakaa mwilini mwa kijana kimya kimya, haina homa wala kikohozi, mpaka siku moyo unachoka au mshipa wa kichwani unapasuka. Apunguze chumvi, na ameze hivi kila siku. Kila siku, umesikia kijana? Hata ukijisikia kupigana ngumi na simba."

Sindano akameza. Baada ya muda kichwa kikapoa, akaanza hata kupiga miluzi akioga. Kisha siku moja Jemadari akaviona vile vidonge vikichungulia kwenye mfuko wa shati lake.

Yaliyosemwa Sindano aliyaleta nyumbani jioni ile mwenyewe, akicheka. "Jemadari kaniuliza, hivi umemwibia babu yako dawa? Kasema vidonge hivi vinamlegeza mwanamume, ukivianza leo utavimeza mpaka kaburini. Kasema mimi ni mtu wa tanuri, shida yangu ni jasho tu."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nikavitupa tanurini."

Waligombana mpaka mama akaingilia kati, wasimwambie kisa. Dada alimwita mpumbavu. Sindano akanuna, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayetaka kueleweka, "Dada, yule mtu ananijali kuliko baba alivyotujali." Baba yao alikuwa ameanguka bafuni akiwa hajafika arobaini, na nyumbani kwao hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kichwa kilirudi. Jemadari akaanza kumpa kikombe chake kila siku. Na asubuhi moja, beleshi likiwa mkononi na mikate ikiwa bado tanurini, Sindano alishika kichwa, akasema neno ambalo hakuna aliyelielewa, akaanguka. Mikate ile iliungua yote.

"Mshipa wa kichwani umepasuka," daktari wa hospitali alimwambia dada mtu kwenye korido. "Alikuwa anatumia dawa?"

"Aliambiwa aache."

"Na chumvi?"

Alipoelezwa habari ya jagi, daktari alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mwenye presha ukimnywesha maji ya chumvi kila siku, unamsindikiza," akasema. "Na wewe uje upimwe. Mmetoka tumbo moja na baba mmoja, na jambo hili hutembea katika ukoo."

"Nitakuja," alisema.

Hakwenda. Alikuwa amepata shughuli nyingine.

Maombolezo yalipokwisha, Jemadari alifika nyumbani na mfuko wa mikate. Alikaa kwenye kochi akiwa ameinamisha kichwa, akasema nafasi ya Sindano ipo wazi, si ya tanuri, ya meza ya kukandia, na kwamba angependa dada mtu aichukue, badala ya kuendelea kupiga pasi kwa dobi. "Sindano alikuwa mdogo wangu," alisema. "Nyumba hii haitalala njaa nikiwa hai." Mama akalia kwa shukrani.

"Nimekubali, kaka," akajibu binti. "Mungu akulipe."

Na alimaanisha. Alitaka Mungu amlipe hasa, tena sawasawa na kazi yake. Ila kwa kuwa Mungu ana watu wengi wa kushughulikia, aliona si vibaya akimsaidia.

Bekari walimpokea vizuri. Walimwita Dada Sindano, wakamfundisha kukata madonge na kuyasikia kwa kiganja yakiwa yameumuka. Jemadari hakuruhusu mtu aguse beleshi la marehemu. Lilisimama ukutani, na kila alipolipita aligusa mpini. Dada Sindano alikuwa akitazama, akikanda, akisema ndiyo kaka, sawa kaka. Wenzake walimsifu kwa upole. Moyo wa mtu ni kichaka, na katika kile chake kulikuwa na mnyama aliyejilaza, anasubiri.

Haikumchukua siku nyingi kuona alichokuja kukitafuta. Jemadari alikuwa akisugua kisogo. Akipanda ngazi za stoo ya unga alisimama katikati, akijifanya anahesabu magunia, kumbe anatafuta pumzi. Siku moja damu ilimtoka puani ikadondokea unga, akaikung'uta akisema ni joto. Dalili zilezile, moja moja, kama alivyoziona kwa mdogo wake. Moyo wake uliruka kwa furaha. Tusipambe maneno: uliruka.

Akaomba kazi ya kuandaa jagi, akapewa, maana hakuna aliyeitaka. Na hapo akaanza.

Wenzake aliwapunguzia. Hakuwa na ugomvi nao, na wengi walikuwa vijana kama Sindano, na nani ajuaye kilichomo ndani ya mishipa yao? Aliwapa maji yaliyonusishwa chumvi tu. Kikombe cha bati ndicho alichokikoleza: kijiko kimoja cha chumvi, kisha kijiko na kidogo, akikoroga mpaka punje zisionekane. Siku ya kwanza Jemadari alikunja uso.

"Leo ni kali."

"Ni ya kiume hiyo, kaka," akasema Dada Sindano. "Kama huiwezi nikupunguzie."

Mwambie mwanaume wa aina ile kwamba kuna kitu hakiwezi, kisha ukae utazame. Alikigugumia chote, akapiga kikombe mezani, akajifuta midomo. Kuanzia hapo akajisifia kwamba kikombe chake kingemuua mtu wa kawaida. Dada Sindano alisema hilo ni kweli kabisa.

Aliyehisi mabadiliko ni mmoja tu, mtu wa tanuri aliyeitwa Kibogoyo kwa sababu ya meno yake mawili ya mbele kuondoka mapema. "Dada, hii mbona kama maji ya bomba? Chumvi imepanda bei?"

"Imepanda, kaka. Tunawawekea wakubwa."

Wakacheka wote, Jemadari akacheka zaidi.

Subira huvuta heri, na yeye alivuta ya kwake taratibu. Kila asubuhi alimtazama yule mwanamume akimeza, koromeo likipanda na kushuka, akajisemea: hiyo ni ya Sindano. Aliona macho yake yakianza kuwa mekundu, miguu ikivimba juu ya viatu. Jioni mama yake alimwambia, "Leo nimemwombea Jemadari."

"Mwombee sana, mama. Anahitaji."

Akaenda kulala, asipate usingizi. Kichwa nacho kilikuwa kikimgonga siku hizo, nyuma, karibu na shingo. Alisema ni msiba. Alisema ni joto la bekari. Kila mtu ana jibu la kichwa chake mwenyewe.

Kama kulikuwa na siku ambayo angeweza kuacha, ni ile Jemadari alipokuja mezani kwake akaanza kukanda pembeni yake, bila kuombwa, na kusema bila kumtazama, "Unajua dada, kinachonipa usingizi ni kimoja. Zile wiki za mwisho nilimpa kikombe changu kila siku. Kila siku. Wengine walinuna, wakasema nampendelea. Lakini sikumnyima, dada yangu. Hilo Mungu analijua."

Angesema neno hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Mtu anakuulia ndugu kisha anakuja kukuhesabia vikombe! Kesho yake akatia vijiko viwili.

Na ni kikombe hichohicho cha vijiko viwili kilichomrudia. Mikate ya kwanza ilikuwa imetoka, watu wamejipanga, jagi limezunguka. Jemadari akachukua kikombe chake, akaonja, kisha akakishusha. Alikuwa akimtazama Dada Sindano.

"Wewe," akasema, "umepauka. Njoo hapa kwenye mwanga." Akamshika kidevu kama mtu anayetazama mtoto. "Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Usinidanganye. Macho haya nayajua. Nimeyaona kwa ndugu yako." Akanyoosha mkono wenye kikombe. "Kunywa, dada yangu. Huyu wa pili sikubali."

Kibogoyo akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata.

Fikirini nafasi ile. Akisema kinywaji hiki ni sumu, ataulizwa umejuaje. Akikimwaga, itakuwa matusi ambayo bekari nzima haijawahi kuyaona. Akikirudisha, kesho Jemadari ataanza kujiuliza maswali, na mtu anayejiuliza maswali hanywi. Wiki zote zile zitakuwa zimepotea. Alitazama nyuso za wenzake, zote zikimtakia heri. Akakipokea, akanywa mpaka tone la mwisho, machozi yakimtoka, nao wakashangilia, wakidhani ni shukrani.

Siku iliyofuata alitia maji karibu matupu. Jemadari akaonja, akatema. "Hii ya kuogeshea mtoto! Nani kachezea kikombe changu?" Akafuata kopo la chumvi mwenyewe, akamimina, akakoroga kwa kidole, akampa. Akanywa. Na siku ya pili yake, hivyohivyo. Mbaya zaidi, yule mwanamume sasa alikuwa hanywi kabisa. Alisema mpaka dada huyu apone, yeye atajinyima. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hii aliijua tangu utotoni, lakini methali ni za kuwaambia watu wengine.

Asubuhi moja alikuwa akikata madonge, nusu ya meza ikatoweka. Alifumba macho, akafumbua, bado nusu haipo. Kisha kichwa kikawaka moto. Alisikia trei zikianguka, akadhani ni mtu mwingine aliyeziangusha. Kilichofuata ni harufu ya unga na jasho, na yeye yuko begani mwa Jemadari, anapelekwa mbio barabarani, na yule mwanamume anahema kama mashine mbovu huku akirudia, "Huyu simziki. Huyu simziki, Mungu wangu, huyu simziki."

Muuguzi alikuwa yuleyule. Alimlaza, akamfunga mkanda, akapampu, akasikiliza. Akapima mara ya pili.

"Mia mbili na kumi kwa mia moja na thelathini," akasema. "Wewe ni dada yake yule kijana mwembamba. Nilisikia. Mbona hukuja upimwe?" Akampa kidonge na maji kidogo, akamwambia alale asizungumze. "Amekuwa anakula nini huyu? Chumvi je?"

Jemadari, aliyekuwa ameegemea ukuta akitafuta pumzi, aliona hapo ndipo mahali pa kusaidia. "Upande wa chumvi ondoa shaka, muuguzi. Hajapungukiwa. Mimi mwenyewe nampa kikombe changu kila asubuhi, tena nilichokikoroga kwa mkono wangu."

Muuguzi aligeuka polepole. "Kikombe cha nini?"

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa fahari ya mtu wa kazi, habari ya tanuri na jasho na jagi. Kadiri alivyoeleza ndivyo muuguzi alivyozidi kumsogelea. Mwishowe akamkalisha kwenye kiti, akamfunga mkanda naye. "Mia moja tisini na tano kwa mia moja na kumi na tano. Una miaka mingapi? Thelathini na mitano! Bwana, wewe unatembea barabarani ukiwa maiti, ila hujaambiwa."

"Lakini sisi ni watu wa..."

"Ninyi ni watu wenye mishipa! Jasho hurudishwa kwa maji. Chumvi mnayokula kwenye chakula inatosha. Mwenye presha ukimpa hayo maji yenu kila siku, unamchimbia kaburi huku unampigia makofi." Alikuwa amekasirika kweli, akiukunja mkanda kwa nguvu. "Yule kijana nilimpa dawa kwa mikono yangu miwili. Zilikuwa zinamfaa. Baadaye nikasikia kuna mpumbavu mmoja alimwambia azitupe. Siku nikimjua!" Akatoka kwenda kufuata vidonge chumba cha pili.

Dada Sindano alikuwa amelala chali, nusu ya chumba haionekani, lakini kwa bahati uso wa Jemadari ulikuwa upande unaoonekana. Miezi yote alikuwa ameusubiri uso ule uanguke, nao sasa ulikuwa unaanguka mbele yake, polepole, kwanza mdomo, kisha mashavu, kisha macho. Utamu ulimjaa. Hakuujali uchungu wa kichwa. Alitamani Sindano angekuwepo waone pamoja.

"Si mimi," Jemadari alisema kwa sauti ndogo. "Dada. Niambie si mimi."

"Ni wewe."

Akafunika uso. Alipoufunua, kulikuwa na jambo jingine ndani yake. "Ulijua?"

"Tangu makaburini."

"Na jagi ulikuwa unalitengeneza wewe."

"La wenzako nilipunguza. Chako nilikoleza."

Dada Sindano alitarajia Jemadari atamrukia. Alitaka amrukie. Lakini alikaa tu palepale, mikono katikati ya magoti. "Ulikuwa unataka nife."

"Bado nataka."

"Mbona basi ulikunywa wewe? Nilipokupa. Ulijua kilichomo."

Akafungua mdomo amjibu jibu la kumkata. Lililotoka ni hili: "Ulinipa kwa upendo, na watu wanatazama. Ningekataaje?" Akalisikia neno lile likitoka kinywani mwake, akajua ndivyo Sindano angejibu, akageukia ukutani na kulia kwa mara ya kwanza tangu azikwe mdogo wake.

Muuguzi hakumruhusu atoke mpaka alasiri, presha iliposhuka na chumba chote kikaonekana tena. Jemadari alikuwa angali nje, kwenye benchi.

"Twende ukamwambie mama," akamwambia.

"Chochote kingine, dada. Nipeleke polisi. Nitakwenda mwenyewe. Mama hapana. Mama ananiita mwanangu."

"Ndiyo maana."

Mama alikuwa anakunja nguo. Alipomwona Jemadari aliamka haraka, akaondoa nguo kwenye kochi. "Karibu mwanangu, kaa, kaa."

Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule akasema yote, tangu vidonge vilivyochungulia mfukoni. Hakujitetea. Akasema na ya kikombe, kila siku, cha Sindano na cha dada yake, mpaka ya zahanati leo. Binti alisimama mlangoni akisubiri kishindo. Alikuwa amekiota kishindo hiki: mama atapiga ukemi, majirani watajaa, yule mwanamume atatolewa nje kwa mawe. Mama alisikiliza akiwa ameshika shati mkononi, hakulikunja wala hakuliweka chini. Jemadari alipomaliza, mama hakumtazama. Alimtazama binti yake.

"Wewe uliyajua haya?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo sababu ukakubali kazi ile."

"Nilitaka kumlipizia. Kwa chumvi yake mwenyewe."

"Na wewe, leo wamekupima imekuwa ngapi?"

Akaitaja.

Kofi lilikuja kabla hajalimaliza neno. Hakuwahi kupigwa na mama yake tangu alipokuwa mtoto mdogo, na hili lilikuwa kubwa kuliko yale yote. "Nimezaa wawili!" mama akapiga kelele. "Wawili! Huyu kaniondolea mmoja kwa ujinga, na wewe unamtoa wa pili kwa hila? Unajua damu ya baba yenu, unajua kilichompata mwenzako, unapewa kikombe, unakunywa? Unalipiza kisasi kwa kunimalizia watoto?"

Jemadari akapiga magoti. "Mama, nisamehe."

"Simama! Nani kakuambia zamu yako imefika?" Akavuta pumzi, akamgeukia mzimamzima. Sauti ikateremka, na ilipoteremka ndipo ilipotisha. "Mwanangu alikufa na miaka ishirini na sita. Wewe utazeeka. Umenisikia? Utaacha chumvi, utawaambia na wale watoto wa watu kule kazini ulichokifanya, kwa mdomo wako, wakapimwe wote. Na vidonge vyako utavimeza hapa, mbele yangu, kila asubuhi kabla ya kazi, mpaka nywele ziwe nyeupe na meno yakutoke. Na kila ukimeza utanitazama usoni. Usithubutu kufa kabla yangu. Ukifa utakuwa umenitoroka."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo. Bekari hakuna tena jagi. Jemadari aliwasimamisha watu wake akawaambia, akashindwa kumaliza, Kibogoyo akamshika bega. Walikwenda kupimwa kwa zamu, na wawili kati yao, wadogo kuliko Sindano, walirudi na vidonge. Na kila asubuhi Jemadari anabisha hodi pale nyumbani. Mama anatoka na glasi ya maji. Hamwiti tena mwanangu, hamwiti chochote. Anamtazama akimeza, naye anamtazama, machozi yakimlengalenga kama siku ya kwanza, kisha anakwenda zake kazini. Binti naye anameza vyake jikoni, akiwasikiliza. Hajamsamehe, na hafikirii kumsamehe. Kila akisikia ile hodi anasikia raha fulani ambayo hawezi kumwambia mtu.

Ila zipo asubuhi ambazo Jemadari anachelewa. Mama anatoka mlangoni, anatazama barabara, glasi mkononi. Hapo binti anavaa kandambili upesi na kwenda kumtafuta, kwanza kwa hatua ndefu, kisha mbio, akikata kona moja baada ya nyingine, akimwomba Mungu kwa moyo wake wote amkute mzima.